Hachi Hahitaji Machozi Yetu: Uhakiki wa Filamu ya Hachi: A Dog's Tale

Usiku mmoja wa muhula wa pili tulikuwa wanafunzi saba katika chumba kimoja cha hosteli yetu mjini Kampala, tumebanana juu ya vitanda viwili, tukitazama filamu kwenye laptopu. Filamu yenyewe ilikuwa Hachi: A Dog's Tale, iliyotoka mwaka 2009 chini ya uongozaji wa Lasse Hallström, na Richard Gere akiigiza kama mwenye mbwa. Ilipofika mwisho tulikuwa tunalia sote, hata yule mwenzetu anayejigamba kwamba hajawahi kulia tangu shule ya msingi. Wakati huohuo, chini getini, mbwa wa hosteli alikuwa akibweka na kulia kama alivyofanya kila usiku kwa wiki tatu. Mmoja wetu akainuka akafunga dirisha. Mwingine akaongeza sauti ya laptopu ili tuusikie vizuri muziki wa huzuni.

Usiku ule sikuona ajabu yoyote. Niliiona asubuhi, nilipoteremka kwenda darasani na kumkuta mbwa yule amelala mbele ya mlango wa kibanda cha mlinzi, makucha yake yana damu. Tulikuwa tumemlilia mbwa wa kwenye kioo na kumfungia dirisha mbwa wa getini, ilhali wote wawili walikuwa na shida moja: wameachwa. Ndipo nikaamua kuirudia filamu ile, safari hii kwa jicho la mhakiki. Swali langu ni hili: je, filamu hii inatufundisha nini kuhusu mbwa aliyeachwa, hata mtu aweze kuitazama kwa machozi na bado asimwone mbwa aliye chini ya dirisha lake?

Kwanza nieleze kisa kwa ufupi kwa ajili ya msomaji ambaye hajaitazama. Parker Wilson ni profesa anayeishi na mkewe Cate katika mji mdogo wa kubuni uitwao Bedridge, nchini Marekani. Kila asubuhi hupanda treni kwenda kazini na kila jioni hurudi. Jioni moja anamkuta kituoni mtoto wa mbwa aliyepotea, wa aina ya Akita kutoka Japani, na anamchukua. Mbwa anapewa jina Hachi. Anapokuwa mkubwa anaanza kumsindikiza Parker hadi kituoni asubuhi na kumpokea jioni. Siku moja Parker anafariki akiwa darasani. Hachi anaendelea kwenda kituoni kumngoja, mwaka hadi mwaka, mpaka naye anakufa palepale, usiku wa theluji.

Kisa hiki kimetokana na tukio la kweli. Hachikō alizaliwa mwaka 1923 katika mkoa wa Akita, Japani, na mwaka uliofuata akapelekwa Tokyo kwa Hidesaburō Ueno, profesa wa kilimo katika chuo kikuu. Ueno alifariki ghafla mwezi Mei 1925. Mbwa aliendelea kwenda kwenye kituo cha Shibuya hadi alipokufa mwezi Machi 1935. Hebu tuzitazame tarehe hizo vizuri. Aliishi na bwana wake mwaka mmoja na miezi michache tu, kisha akangoja karibu miaka 10.

Sasa niingie katika filamu. Jambo la kwanza ni namna inavyoziwasilisha dalili za mbwa asiyeweza kuachwa. Parker anapoondoka kwenda kazini, Hachi anachimba chini ya uzio na kumfuata hadi kituoni. Parker analazimika kumrudisha nyumbani na treni inamwacha. Anapoziba tundu, Hachi anaruka uzio. Mtazamaji anacheka, na filamu inataka acheke, kwani muziki ni mwepesi na majirani wanatabasamu. Lakini daktari yeyote wa mifugo akielezwa kwamba mbwa huchimba uzio na kuuruka kila bwana wake anapotoka, hatacheka kwanza. Atauliza: je, anafanya hivyo akiwa peke yake tu? Huanza dakika ngapi baada ya mtu kuondoka? Anakula akiachwa? Hizo ndizo dalili za hofu ya kutengana: kuchimba, kukwaruza mlango, kulia, kukojoa ndani, kudondokwa na mate, kukataa chakula. Kwa kawaida huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza.

Sisemi kwamba Hachi alikuwa mgonjwa, maana mbwa anaweza kuchimba uzio kwa uchovu wa kukaa bure au kwa utundu tu. Ninasema kwamba filamu haikuuliza. Imezichukua ishara zinazoweza kuwa za mateso na kuzipa jina moja tu, upendo. Hili ni kosa la dhamira, kwa sababu mtazamaji anayerudi nyumbani na kukuta mlango umetafunwa atadhani anapendwa sana, au, asiyekuwa mpole, atashika fimbo. Wote wawili hawatamsaidia mbwa.

Jambo la pili ni matumizi ya muda. Filamu inatuonyesha asubuhi kituoni na jioni kituoni. Saa zilizo katikati, kati ya treni ya kwenda na treni ya kurudi, zinapita upesi mno. Mkato mmoja, na jioni imefika. Hata miaka ile 10 ya kungoja inapita kwa majani kupukutika, theluji kuanguka na kinanda kulia, kwa muda mfupi kuliko tunaoutumia kupika maharage. Naelewa kwamba filamu haiwezi kuonyesha kila saa. Lakini kwa mbwa aliyeachwa shida yote imo katika saa hizo. Anayeondoka huona kuaga na kurudi tu. Katikati haoni, kwa sababu hayupo. Mwongozaji amekata palepale ambapo sisi wenye mbwa hukata.

Inashangaza zaidi kwa kuwa filamu hii ilijaribu kutuweka ndani ya macho ya mbwa. Mara kwa mara kamera inashuka hadi kimo chake na rangi zinafifia, tuone dunia kama anavyoiona Hachi. Ni fani nzuri na nampongeza mwongozaji kwa kuijaribu, ingawa mbwa haoni dunia iliyopauka kabisa. Huona buluu na manjano, na zaidi ya macho huishi kwa pua. Udhaifu ninaouona ni kwamba macho hayo tunaazimwa hasa pale ambapo kuna kitu cha kutazama: mtu anakuja, mtu anaondoka. Hatuazimwi pale ambapo hakuna cha kutazama isipokuwa mlango uliofungwa.

Jambo la tatu ni tukio ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu. Baada ya Parker kufariki, Cate anauza nyumba na kuondoka, na Hachi anachukuliwa na binti yao Andy. Anatoroka na kurudi kituoni. Anarudishwa. Mwishowe Andy anamtazama, anaelewa, na kumfungulia geti aende zake. Chumba chetu kilinyamaza kimya pale. Ni tukio lenye heshima, kwani Andy hamlazimishi mbwa amsahau baba. Lakini tazama filamu inatupa njia ngapi. Ni mbili tu: kumfungia ndani au kumwachia aende akangoje hadi afe. Njia ya tatu, ya kukaa naye na kumfundisha polepole kwamba nyumba mpya nayo ni nyumba na kwamba anayetoka hurudi, haikutajwa hata kwa sentensi moja. Njia hiyo haina machozi. Inahitaji wiki nyingi na subira, na haifai kupigiwa kinanda.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Filamu inawaonyesha Jasjeet, muuza soseji, na Carl, mkuu wa kituo, wakimlisha Hachi miaka yote. Hao ni watu wema. Hata hivyo, wema wao nao umepunguza ukali wa historia. Hachikō wa kweli hakupokelewa vizuri kituoni hapo mwanzo. Alifukuzwa, alipigwa, na watu walimfanyia mzaha. Mambo yalibadilika mwaka 1932, gazeti la Asahi lilipoandika habari zake. Ghafla kila mtu akampenda. Mwaka 1934 sanamu yake ilizinduliwa mbele ya kituo cha Shibuya, naye mwenyewe akiwapo. Kisa chake kikaingia katika vitabu vya maadili vya shule, wakati ambapo utawala wa Japani ulihitaji sana raia watiifu. Kisha ikaja vita, na sanamu ile ya uaminifu ikayeyushwa ili metali yake itumike vitani. Iliyopo leo ilisimamishwa mwaka 1948.

Ninaona somo katika historia hiyo. Waliompiga na waliomjengea sanamu walikuwa watu wa kituo kilekile. Kilichobadilika ni hadithi waliyosimuliwa. Kabla ya gazeti alikuwa kero. Baada ya gazeti akawa mfano wa kuigwa. Katika nyakati zote mbili hakuwa mbwa tu, mwenye njaa, mwenye minyoo, anayemtafuta mtu wake. Filamu imeikata sehemu ya kero na kutuachia sehemu ya sanamu.

Fasihi ya kale imewahi kufanya vizuri zaidi. Katika Odisi, utenzi wa Wayunani unaonasibishwa na Homer, yumo mbwa aitwaye Argos. Bwana wake, Odysseus, amekuwa mbali kwa miaka 20. Anaporudi amejibadilisha sura asitambuliwe, lakini Argos anamtambua, anatikisa mkia, na anakufa. Huyo naye ni mbwa wa kungoja. Tofauti ni kwamba mtunzi hakuficha hali yake. Argos amelala juu ya lundo la samadi, amejaa kupe, na mtumishi anasema waziwazi kwamba hakuna aliyemtunza tangu bwana alipoondoka. Msomaji anaguswa na uaminifu wa mbwa na papo hapo anawakasirikia watu wa nyumba ile. Katika filamu ya Hallström hakuna wa kukasirikiwa. Kila mtu ni mwema, huzuni ni tamu, na mtazamaji anaondoka bila deni.

Deni langu mimi lilikuwa getini. Mbwa wa hosteli yetu anaitwa Sajini. Alilelewa na mlinzi wetu wa zamani, mzee kutoka upande wa Arua ambaye sote tulimwita Afande. Afande alijifunza Kiswahili jeshini, na kwa Sajini hakutumia lugha nyingine. Mimi ninayesoma Kiswahili nilikuwa naketi naye jioni ili nifanye mazoezi, naye akanibandika jina la Mwalimu. "Mwalimu, tazama," angesema, akaweka posho chini mbele ya pua ya mbwa. "Sajini, ngoja." Mbwa angetulia, mate yakimtoka. Sekunde tano, kumi. "Haya!" Ndipo angekula. Afande alikuwa na msemo wake: ukimwambia mbwa ngoja, una deni la haya. Usipomwambia haya, umemdanganya.

Afande alihamishiwa lindo jingine, na mbwa akabaki, kwa sababu mbwa ni mali ya hosteli. Mlinzi mpya ni kijana mpole, lakini hazungumzi Kiswahili, na usiku hujifungia ndani ya kibanda kwa baridi. Kila alipofunga mlango Sajini alianza: kukwaruza, kubweka, kulia hadi alfajiri. Chakula alikiacha. Tulikuwa na mitihani. Ikaandikwa barua kwa mwenye hosteli kulalamikia kelele, nasi saba wa chumba kile tukatia sahihi, mimi wa tatu. Mwenye hosteli akajibu kwamba ikizidi ataita watu wa sumu. Tulikuwa tunalijua jibu hilo siku tuliyotazama filamu.

Baada ya asubuhi ile nilimwendea rafiki yangu anayesomea udaktari wa mifugo. Alikuja jioni mbili, akakaa na kutazama tu, saa mkononi. Akasema: "Huyu habweki wezi. Anaanza dakika mbili baada ya mlango kufungwa. Anauogopa mlango." Alitupa masharti manne, nami nayaweka hapa kwa sababu ndiyo sehemu ambayo filamu iliikata. La kwanza, asipigwe, maana kipigo huongeza hofu juu ya hofu. La pili, atembezwe vya kutosha kabla ya usiku, aingie zamuni akiwa amechoka. La tatu, mlango ukifungwa apate kitu cha kumshughulisha. Tukatumia mfupa mkubwa wenye tundu, tukaujaza posho iliyochanganywa na mukene, yaani dagaa wetu wa ziwani. La nne, ambalo ndilo zito, afundishwe kuachwa kidogokidogo. Mlinzi ashike komeo bila kuingia, mara nyingi, hadi mlio wa komeo usiwe habari tena. Kisha aingie na kutoka kwa sekunde chache. Kisha nusu dakika. Kisha dakika. Atoke kabla mbwa hajaanza kulia, siyo baada. Akilia, tumekwenda haraka mno, turudi nyuma. Na hayo yote yasipofaa kuna dawa, lakini ni za daktari, si za kubahatisha.

Kazi yangu ilikuwa lugha. Nilimwandikia mlinzi kwenye kipande cha boksi maneno ambayo Sajini anayajua: kaa, lala, njoo, ngoja, haya. Jioni ya kwanza alipotamka "ngoja" kwa lafudhi yake ya Kiganda, mbwa aliinua masikio akamtazama kwa mara ya kwanza kana kwamba ni mtu. Akaingia kibandani, akatoka. "Haya!" Tulifanya hivyo kila jioni kwa wiki tano. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na siku mbili mvua ilituharibia yote tukaanza upya. Leo mlinzi anaweza kufunga mlango akala chakula chake hadi mwisho, na usiku mwingi Sajini hulala. Radi ikipiga bado hulia. Barua tuliifuata ofisini tukafuta majina. Wanne tulifuta, watatu walikataa, na siwalaumu, kwa kuwa nao wana mitihani.

Huenda msomaji akanipinga: je, huzuni ya mbwa aliyefiwa ni sawa na hofu ya mbwa aliyefungiwa mlango? Hapana, si sawa. Parker hawezi kurudi. Hakuna mazoezi ya sekunde yatakayomrudisha. Naye Afande hajarudi. Lakini katika hali zote mbili aliyebaki anahitaji watu walio hai. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Filamu imeichukua taabu hiyo na kuivisha nguo nzuri ya uaminifu. Ningependa filamu nyingine, hata iwe fupi, inayoonyesha mazoea mapya yakijengwa, kwa sababu taabu ya mazoea huondolewa kwa mazoea.

Je, basi Hachi: A Dog's Tale ni filamu mbaya? Sidhani. Bila machozi yale pengine nisingeliona lile dirisha lililofungwa. Filamu iliyoweza kunifanya nimwonee huruma mbwa wa nchi nyingine imefanya nusu ya kazi. Kosa lake ni kuniambia kwamba kazi imekwisha.

Mwaka 2015, miaka 80 baada ya kifo cha Hachikō, Chuo Kikuu cha Tokyo kilizindua sanamu nyingine katika kitivo cha kilimo alikofundisha Ueno. Sanamu hiyo haimwonyeshi mbwa aliyeketi akingoja. Inamwonyesha profesa amesimama, begi limewekwa chini, na mbwa ameruka kumlaki kwa miguu ya mbele, mkia juu. Nimeiona kwenye picha tu. Kwangu ni uhakiki bora kuliko huu wangu, kwa sababu aliyeibuni alikataa kuendelea kuisifu ile ngoja ya Shibuya. Alimpa Hachikō haya yake, ingawa kwa kuchelewa mno. Sajini wa getini bado hajachelewa.